Mkalimani Asiye na Jina

Kwa muda mrefu niliamini kwamba viziwi wa Kigali wananitukana. Kila nilipokwenda kumchukua binti yangu alipokuwa na wenzake, mmoja wao aliniona kwanza, akawagusa wengine begani, kisha akainua kidole gumba na cha shahada hadi kwenye jicho na kulibana, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Wote waligeuka kunitazama. Wote walicheka, na binti yangu alicheka kuwashinda.

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Nilikulia Tanzania, upande wa Kagera, katika nyumba ya wakimbizi ambamo mgeni aliyebisha hodi alihojiwa mpaka akajuta kuja. Tuliporudi Rwanda nikafungua duka la vifaa vya ujenzi huku Kinyinya, pembezoni mwa Kigali, ambako nyumba zinaota haraka kuliko maharage, na biashara hiyo nayo haimfundishi mtu kuamini. Kila fundi anaapa. Kila mfuko wa saruji una maneno yake. Jirani yangu, mshonaji, Mwislamu ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani na kuwaachia wajukuu Kiswahili safi, aliwahi kuniambia, "Wee dada, hata kivuli chako unakiuliza kinakwenda wapi." Nilimjibu kwamba kivuli changu nakiamini mchana tu.

Binti yangu aliugua homa ya uti wa mgongo wakati ndiyo kwanza anajua kutamka "mama". Alipona kila kitu isipokuwa masikio. Tulimpeleka shule ya bweni ya viziwi, mbali huko mkoani, na huko akapata lugha. Alirudi likizo mikono yake ikienda kasi kuliko macho yangu. Mimi niliokota alama za nyumbani tu: kula, oga, lala, njoo, wapi, nani, fungua, funga. Kwa hizo unaweza kumlea mtoto, lakini huwezi kubishana naye, na binti yangu anapenda ubishi.

Kisha ikaja sera. Watoto viziwi wasome karibu na kwao, pamoja na wenzao wanaosikia, na lugha ya alama iingie darasani kupitia mkalimani. Niliisoma mara mbili nikiwa nimekaa juu ya ndoo ya rangi. Ilikuwa imeandikwa vizuri sana, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Lakini nilimtaka mwanangu nyumbani, kwa hiyo nikamhamishia shule ya msingi iliyo mtaa wa pili kutoka dukani.

Mwaka wa kwanza, ambao sera iliuruhusu upite bila mkalimani, alinakili ubaoni. Daftari zake zilikuwa nadhifu hata walimu wakazionyesha kwa wageni, na hakuna aliyemuuliza kilichomo. Alipoingia darasa la sita, mwaka wa mtihani wa taifa, mwalimu mkuu aliniita akiwa na uso wa harusi. Mkalimani amepatikana.

Naye alikuja kweli. Kijana mrefu, shati jeupe, viatu vinavyong'aa, na mikono ambayo, Mungu anisamehe, ilikuwa mizuri kuitazama. Alisimama mbele ya darasa pembeni mwa mwalimu, na mwalimu alipofungua mdomo, mikono ile ikaanza kupanda na kushuka, ikafunguka kifuani, ikaelea juu. Wanafunzi wanaosikia waliacha kumtazama mwalimu. Wazazi tuliokuwa dirishani tulipiga makofi. Mama mmoja alifuta machozi.

Mimi sikulia. Niliona jambo moja dogo: kijana yule alipofika, aliwasalimia walimu wote, akawasalimia wazazi, akanishika mkono kwa adabu zote na kuniita mama, lakini hakumsalimia binti yangu. Alimwendea tu na kuanza kazi. Watu wakaniambia mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikasema kimoyomoyo, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nilimuuliza binti yangu jioni ile, kwa alama zangu chache: yule, vipi? Akainua kidole gumba. Mzuri. Akakishusha upesi na kwenda kukoroga rangi.

Hapo lazima niseme kuhusu rangi. Mtoto huyu, tangu alipoanza kukaa nami dukani, anasoma maandishi ya kwenye makopo kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata yale madogo ambayo mimi sijawahi kuyagusa. Anataka kujua kwa nini rangi ya mafuta haikubali maji, na kwa nini saruji hupata moto ukiichanganya. Alishaniandikia kwenye kipande cha boksi kwamba anataka kusoma kemia. Nililiweka boksi lile nyuma ya kaunta, na fundi aliyetaka kulitumia kufungia misumari nilimfukuza.

Alama zake darasani zikaanza kushuka. Hata alipokuwa ananakili tu alikuwa akipata za wastani, kwa sababu alisoma vitabu peke yake. Sasa, akiwa na mkalimani, zilishuka kila jaribio. Mwalimu mkuu aliniita tena, na safari hii uso haukuwa wa harusi. Yeye ni mtu wa hapa hapa, Kiswahili amekiokotea sokoni, lakini akijua kwamba nimekulia Tanzania hukitumia kwangu kama heshima.

"Mubyeyi, ihangane," alisema, yaani mzazi, vumilia. "Zamani tulisema mtoto haelewi sababu hakuna mutu wa alama. Leo mutu iko. Serikari ilisema, sisi tukafanya. Sasa kama bado hapana elewa, rwose kabisa, hiyo ni kichwa yake."

"Kichwa chake kina nini?"

"Hapana kasirika. Iko kituo cha cherehani kwa viziwi. Kizuri sana. Afisa wa elimu wa sekta yetu atakuja, atamuona, ataamua kama atafanya mutihani na wengine ama atakwenda kushona."

Cherehani si aibu. Jirani yangu amesomesha watoto kwa cherehani. Lakini nilitoka mle ofisini na hasira, kwa sababu niliona jinsi kitu chema kilivyogeuzwa. Bila mkalimani, mwanangu alikuwa mtoto aliyenyimwa. Akiwa na mkalimani, alikuwa mtoto mjinga, na ushahidi ulikuwa umesimama mbele ya darasa na shati jeupe.

Nikaanza kuchunguza. Niliacha duka kwa jirani na kwenda kusimama dirishani mwa darasa. Nilimwona mkalimani akifanya kazi yake kwa bidii hadi jasho linamtoka. Nilimwona binti yangu hamtazami. Alitazama kitabu cha jirani yake, alitazama ubao, alitazama nje. Mwalimu alipogeuka ndipo alipoinua uso na kumkodolea macho mkalimani, akiitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mlevi. Nikamshuku mkalimani. Nikamshuku mwalimu mkuu. Halafu, kwa uchungu, nikamshuku mwanangu: huenda kweli anacheza.

Kulikuwa na sababu nyingine. Zile Jumapili ambazo jiji hufunga barabara kuu magari yasipite, watu wakakimbia na kufanya mazoezi, binti yangu alikuwa akitoka asubuhi na mapema. Alisema anakwenda kwenye ibada ya viziwi. Alirudi magoti ya sketi yakiwa na unga mweupe, na vidole vivyo hivyo. Nilimuuliza jirani yangu ni ibada gani inayochafua magoti kwa unga.

"Labda anasali sana," alisema, akikata uzi kwa meno.

"Unga mweupe?"

"Dada, wewe unauza chokaa. Anza kwako kwanza."

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini chokaa yangu naijua. Jumapili iliyofuata nikamfuata. Nikakodi pikipiki hadi mahali polisi walipoweka kizuizi, kisha nikatembea kuelekea Kimihurura huku wakubwa wa serikali wakinipita mbio wamevaa suti za michezo. Sikujua njia aliyopita, nikapotea, nikazunguka. Nilipowapata walikuwa mteremkoni, chini ya ukumbi mkubwa wa mikutano, kundi la vijana na watoto, wameketi ukingoni mwa barabara wakinywa maji. Mbele yao lami ilikuwa imelowa, ingawa mvua haikuwa imenyesha tangu Alhamisi. Nilidhani wamemwaga kinywaji. Kijana mmoja aliyevaa miwani akaniona. Akawagusa wenzake. Akalibana jicho lake kwa vidole.

Wakacheka. Na mimi nikalipuka.

Nilimfokea kijana yule mbele ya watu, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, nikasahau kabisa kwamba hanisikii. Nikabana jicho langu kama alivyofanya na kumuuliza kwa mikono: nini? Nini? Binti yangu akasimama, uso wake umewiva kwa aibu. Akachukua simu yangu mkononi na kuandika: *Ni jina lako.*

Nilisoma mara kadhaa. Akaandika tena. Viziwi hawawezi kutaja jina la mtu herufi kwa herufi kila wakati, mkono utachoka. Kila mtu anapewa alama yake. Mtu mwenye kovu ataitwa kwa kovu, mcheshi ataitwa kwa kicheko chake. Viziwi ndio wanaotoa. Hujichagulii, na ukishapewa huwezi kukataa. Aliniambia kwamba jina langu linajulikana hadi Kagarama, ng'ambo ya jiji, kwa watu ambao hawajawahi kuniona. Mama anayechungulia.

Sijui kama nilikasirika au nilifurahi. Nafikiri vyote. Nimeishi katika nchi mbili na nimeitwa majina mengi, lakini hakuna aliyewahi kuniita jina la kweli namna ile. Niliwatazama, nao wakaninyooshea mikono na kujitaja mmoja mmoja: kidole kwenye kishimo cha shavu, ngumi kwenye bega, nywele zilizosokotwa. Kijana wa miwani, aliyekuwa akisoma chuo kikuu, alipewa jina la kupanga vitabu.

Ndipo likanijia swali, bila kulitafuta. Nikamgusa binti yangu: yule wa shule, mkalimani. Jina?

Alifungua viganja. Hakuna.

Nikadhani sikueleweka. Nikarudia. Akafungua viganja tena, akakwepa macho yangu. Nikamgeukia kijana wa miwani na kuandika kwenye simu nikieleza mtu gani. Akawauliza wenzake. Waliwataja wakalimani wote wa mjini, wazuri na wabaya, kila mmoja kwa alama yake, hata mmoja aliyejulikana kwa kuchelewa. Yule wa shati jeupe hakuna aliyewahi kumwona. Muhula mzima amesimama mbele ya mtoto wangu, na mtoto wangu hana jina la kumwita.

Nilielewa papo hapo. Mtu hawezi kujifunza kuogelea bila kulowa. Kama kijana yule angekuwa amejifunza lugha hii kwa wenye lugha, wangekuwa wamemwona, na wakishamwona wangempa jina. Nilipofika nyumbani nikamweka binti yangu mbele ya daftari na kumwandikia: *Anasema nini darasani?*

Akaandika: *Hakuna. Mikono inacheza. Ijumaa mwalimu alifundisha hesabu za sehemu, yeye akasema Mungu, mlima, nuru, asante.*

*Kwa nini ulisema mzuri?*

Aliweka mikono kwenye mapaja. Kisha akaandika bila kuinua kichwa: *Akiondoka, kiti changu kinaondoka naye.*

Nilikuwa nimemshuku kwamba ananificha kitu, na kweli alikuwa anaficha. Lakini aliificha kwa akili ya mtu mzima. Sera ilisema kiziwi asome na wenzake akiwa na mkalimani. Basi mkalimani wa uongo bado ni mkalimani, na kiti chake bado ni kiti. Aliniomba niape kutomwambia mtu. Nikaapa. Niliumwa na kiapo kile kama kiatu kipya.

Afisa wa elimu akaja. Mama wa makamo, mrefu, aliyekulia Uganda, mwenye saa kubwa ya michezo mkononi. Tuliketi ofisini kwa mwalimu mkuu: afisa, mwalimu mkuu, mkalimani, mimi, na binti yangu katikati kama mtu aliyeshtakiwa. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu nje kulikuwa na mtambo wa kuchanganya saruji unaonguruma, na joto lilikuwa la tanuri.

"Mimi iko hapa kuona kama sera inafanya kazi," alisema afisa. "Muulize kama anaelewa masomo."

Mkalimani akasimama. Mikono ikapanda, ikafunguka kifuani, ikaelea. Ilichukua muda. Binti yangu alimtazama afisa, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kukubali.

"Anasema anaelewa vizuri sana," alisema mkalimani, "na anaishukuru serikali na uongozi wa shule kwa kumjali."

Kichwa kimetikiswa mara moja, na maneno yote hayo yametoka humo! Nilijiuma ulimi.

"Kama anaelewa," afisa aliuliza, akigonga karatasi za alama, "hizi ni za nini?"

"Ndiyo sababu tunasema cherehani, nyakubahwa," alijibu mwalimu mkuu kwa upole, akimwita mheshimiwa kwa Kinyarwanda.

Hapo kiapo kikanitoka. Najua nilivyoapa, na najua nilimwapia nani. Lakini nikinyamaza, mwanangu anatoka mle ofisini akiwa mjinga kwa idhini ya serikali, na mimi ni mama yake.

"Mwalimu," nilimwambia mkalimani, "viziwi wanakuita nani?"

Akatabasamu. "Samahani, mama?"

"Jina lako. La alama."

Kisha, maskini, akafanya kosa ambalo hakuna mtu aliyeishi na viziwi hata wiki moja angelifanya: alijipa jina. Akagusa moyo wake, akainua mkono juu taratibu, vidole vikipepea, kama ndege anayepaa. Binti yangu alijaribu kujizuia. Mabega yakaanza kutikisika, halafu kicheko kikamtoka, kile kicheko chake kikubwa ambacho hakijui ukubwa wake, kikajaa ofisini na kuushinda mtambo wa saruji.

Afisa hakuelewa. Nikamwambia, "Mheshimiwa, mwambie ampe agizo dogo tu. Mtoto afungue dirisha."

"Dirisha?"

"Lile pale. Tutapata na hewa."

Afisa akampa ishara mkalimani. Akafanya mikono yake, mizuri kama siku zote, akaimaliza kwa kuifungua kuelekea mbinguni. Binti yangu alimtazama kwa heshima. Akaitikia kwa kichwa. Hakuinuka. Joto likaendelea kutukalia. Mkalimani akarudia, safari hii haraka, na shati jeupe limeshika mgongo.

Nikainua mikono yangu mimi, mikono ya kubeba mabati. Dirisha. Fungua. Alama mbili, tena mbovu.

Binti yangu alinitazama. Alijua ninachofanya. Machoni mwake niliona ananisihi, na kwa muda nilidhani hatainuka, atakaa pale na kukilinda kiti chake. Kisha akasimama, akaenda, akafungua dirisha. Vumbi na kelele zikaingia.

Kijana alieleza yote hapo hapo, karibu kwa kulia. Alikuwa kiongozi wa kwaya moja inayoimba kwa ishara. Nyimbo alizijua zote. Shule ilihitaji mkalimani kabla ya ukaguzi, yeye alihitaji kazi, akaambiwa asimame tu mbele, mengine yatakuja polepole. Nani alimwambia? Alitazama sakafu, na mwalimu mkuu naye akatazama sakafu ile ile. Nilitamani kumchukia kijana yule vizuri zaidi kuliko nilivyoweza.

Nilidhani nimeshinda. Afisa alifunga faili, akasema kwa sauti kavu kwamba mkalimani ataondolewa. Halafu akaendelea: kwa mujibu wa sera, mtoto hawezi kukaa darasani bila mkalimani mwenye sifa, kwa hiyo atasubiri nyumbani mpaka apatikane. Lini? Hakujua. Mtihani je? Tutaona. Mlangoni akawakumbusha wote, kwa mazoea ya viongozi, wajitokeze kwenye mazoezi ya Jumapili, afya ni mtaji.

Binti yangu hakuhitaji kutafsiriwa. Alizisoma nyuso zetu.

Alinifumbia macho siku nyingi. Kwa sisi tunaosikia, mtu akikununia bado unaweza kumsemesha mgongoni. Kiziwi akifumba macho amekuziba mdomo, na mikono yako inabaki hewani kama ya mwehu. Alikaa dukani, akauza, akachanganya rangi, na kila nilipoinua mkono, kope zikashuka. Jirani yangu hakunitania siku hizo. Aliniletea chai ya tangawizi na kuiweka kwenye kaunta.

Jumapili ya barabara kufungwa ilipofika, alitoka kama kawaida. Nilijiuliza, huyu sasa anakwenda kufanya nini? Shule hana. Nikamfuata tena, ndiyo, jina langu nalistahili. Safari hii sikupotea, nikafika mapema.

Lami haikuwa imelowa. Ilikuwa nyeupe. Barabara ile pana, ambayo siku nyingine hupitiwa na misafara ya mabalozi, ilikuwa imeandikwa chaki kutoka ukingo hadi mstari wa katikati: sehemu, pembetatu, mchoro wa moyo na mishipa yake, sentensi za Kiingereza. Kijana wa miwani alitembea juu yake kama mwalimu mbele ya ubao, akieleza kwa mikono. Watoto walipiga magoti na kujibu kwa chaki. Binti yangu alikuwa amepiga magoti pembeni na wadogo zaidi, akiwafundisha kwa nini mafuta na maji hayachanganyiki. Pembeni kulikuwa na madumu ya maji, kwa sababu katika jiji hili huwezi kuacha alama barabarani. Kabla magari hayajarudi waliosha kila kitu. Ndiyo ile lami niliyoiona imelowa.

Basi hii ndiyo ibada. Nilisimama nyuma ya mti wa mapambo na kulia kama mjinga.

Wakimbiaji walipita, wengine wakiruka pembetatu. Miongoni mwao nikaona saa kubwa ya michezo. Nilikimbia, mimi na viatu vyangu vya dukani, nikamshika afisa wa elimu mkono kabla walinzi hawajajua la kufanya.

"Mheshimiwa, mtoto mjinga yule pale. Njoo umwone."

Alikuja akihema. Alisimama juu ya maandishi, akayasoma kwa kuzunguka. Aliinama, akaokota kipande cha chaki, akaandika swali la sehemu. Binti yangu akalitazama, akamtazama yeye, akalijibu. Afisa akaandika gumu zaidi. Likajibiwa, na njia yote ikaonyeshwa. La tatu lilimfanya binti yangu akune kichwa, akakosea, akafuta kwa kiganja, akapata. Wenzake wakapunga mikono hewani, ndiyo makofi yao. Afisa alibaki amechuchumaa, magoti ya suti yake ya michezo yakiwa meupe.

"Atafanya mtihani," alisema hatimaye.

"Niandikie," nikasema.

Alicheka, akidhani natania. Nilimwonyesha simu yangu, akaacha kucheka, akaandika. Nilimwambia na jambo lingine: mkalimani wa mtihani msimchague ninyi. Waulizeni hawa. Akasema sera haisemi hivyo. Nikamwambia haisemi pia kwamba msiulize.

Wakati wa kuosha barabara ulipofika, nilichukua dumu. Binti yangu alinitazama nikimwaga maji juu ya mishipa ya moyo, na hakufumba macho.

Kuhusu kijana wa shati jeupe, alikuja Jumapili moja baadaye, akasimama mbali amevaa fulana. Wakampa dumu. Nasikia anakuja bado. Kama wamempa jina, hawajaniambia, na kwa namna wanavyotazamana ninapouliza, nadhani wamempa.

Siku ya mtihani nilimsindikiza binti yangu hadi getini na nikaambiwa nirudi. Sikurudi. Nilizunguka nyuma ya uzio, penye matofali ya jirani anayejenga, nikapanda. Mkalimani mpya alikuwa mama mfupi, yule wanayemwita kwa kuchelewa, naye siku hiyo alikuwa amewahi. Alitafsiri maelekezo. Mikono yake haikuwa mizuri hata kidogo. Ilikuwa ya haraka na mikavu, na binti yangu aliitazama bila kupepesa, akauliza kitu, akajibiwa, akauliza tena. Walikuwa wanabishana! Niliyatoa macho nione vizuri zaidi, maana nani ajuaye, hata huyu ni mgeni.

Binti yangu akageuza uso kuelekea dirishani. Aliniona juu ya matofali. Akamgusa mkalimani, akainua vidole viwili na kulibana jicho lake. Mkalimani alichungulia nje, akanifahamu mara moja ingawa hatujawahi kukutana, akacheka.

Kisha mwanangu akasimama, akanitazama moja kwa moja, na akafunga dirisha. Akarudi kwenye kiti chake.